Mate ya Mama Mkwe

Enzi za Mwingereza hizo. Mume wangu alikuwa Mchagga wa Kilema, mtoto wa Wakatoliki, fundi cherehani Moshi mjini. Aliposilimu ili anioe mimi, mama yake akasusa. Harusini hakuja, salamu zetu hakujibu. Nilipojifungua mume wangu akasema, "Tumpelekee mtoto. Akimkataa na huyu, basi, mimi sina kwetu tena." Alisema huku anapiga pasi, hata hakunitazama.

Tukapanda lori lililokuwa likienda kuchukua kahawa, kisha tukakwea kwa miguu, mimi na baibui langu nateleza kwenye tope, namlalamikia mume wangu njia nzima. Na baridi ile, jamani! Mtoto nilimfunga kanga mbili, nikaona bado.

Mama mkwe tulimkuta migombani anakata majani ya ng'ombe. Kibibi kifupi, rozari shingoni. Nikapiga goti, "Shikamoo mama." Kiswahili hakijui, au siku ile hakutaka kukijua. Akajibu kwa Kichagga, akanyoosha mikono, nami nikampa mtoto. Nikajisemea, kumbe mambo yenyewe mepesi hivi!

Akamfunua kifua. Akainama. Tfu! Akamtemea mate.

Yarabi, mwanangu! Damu ikanipanda kichwani. Kwetu mjini mtu akikutemea mate hakuna tena cha kuongea. Nikamnyakua mtoto, nikamfuta kwa pembe ya kanga, huku napiga kelele, "Kama hututaki si useme! Huyu malaika amekukosea nini?"

Nikamgeukia mume wangu anitetee. Amejishika kichwa.

"Umefanya nini wewe? Alikuwa anambariki! Wazee wa huku ndivyo wanavyobariki mtoto. Umemfuta baraka yake!"

Mama mkwe alikuwa bado amenyoosha mikono mitupu, machozi yanamlengalenga. Nikamrudishia mtoto haraka haraka. Akampokea, akainama, akakaza midomo. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, wapi! Akamwambia mwanawe neno, naye akanitafsiria kwa sauti ndogo.

"Anasema umemshtua. Mate yamemkauka."

Niliingia nyumbani kwake bila kukaribishwa, nikapapasa gizani mpaka nikapata maji, nikamletea kwa mikono miwili na kupiga magoti palepale topeni. Akanywa polepole, ananitazama. Nikawaza, nimemkata mume wangu na kwao kwa pembe ya kanga.

Kisha bibi akasema kitu, mume wangu akacheka huku analia.

"Anasema ataanza na huyu mkubwa, maana ndiye mwoga."

Akanisogeza ushungi kwa kidole, akanitemea katikati ya paji la uso. Sikujifuta.