Maziwa Yangu Hayakutiwa Maji

Meneja Elinami aliimwaga ndoo yangu ya maziwa mtaroni, akina mama wakiwa kwenye foleni, akasema, "Huyu ametia maji. Kuanzia leo simtaki kiwandani, yeye na maziwa yake."

Nilikuwa mtengeneza jibini wa kiwanda hicho kidogo cha Kilema, na nyumbani nilifuga ng'ombe mmoja. Elimu yangu ni darasa la saba. Siku ya kwanza kazini nilimwamkia Fundi Mkuu, Mzee Kalisti, shikamoo. Aliitika marahaba, akanipa brashi. "Sugua sufuria mpaka uione sura yako. Ukiiona mbaya, usiilaumu sufuria."

Ndiye aliyenifundisha. Maziwa yana protini, na iliyo nyingi ni kasini, ile inayoshikana ukitia dawa ya kugandisha. Ikipungua, jibini linalegea kama uji. Na kupungua kwake kuna njia mbili: damu ya ng'ombe, yaani mbegu ya wazazi wake, na anachokula. "Usimlaumu mwenye ndoo kabla hujaenda kwa ng'ombe," alikuwa akisema.

Mzee Kalisti akastaafu. Bwana Mifugo Zablon akatuletea mbegu ya madume makubwa, yale meusi na meupe. Ndoo zikajaa, lakini maziwa yakawa mepesi kuliko ya ng'ombe wetu wadogo wa zamani. Hilo hakutuambia. Kisha mvua ikakatika, majani ya tambarare yakaisha, tukawa tunawakatia migomba zizini. Mgomba ni maji matupu: ng'ombe anashiba, protini inashuka. Laktomita, kile kipimo kinachoelea kwenye maziwa, ikazama kuliko kawaida, kama inavyozama kwenye maziwa yaliyotiwa maji.

Nilimwambia Meneja, "Baba, njoo zizini nikamue ukiangalia, upime palepale." Ndivyo ilivyokuwa desturi yetu mtu akituhumiwa.

"Mimi nije kunusa mavi ya ng'ombe wako? Maji ya mfereji umeyapenda, kayanywe!"

Mama Elly, jirani yangu, alicheka kuliko wote. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniazima hata chujio.

Baadaye jibini likalegea hata kwa maziwa ya nyumbani kwa Meneja mwenyewe. Ndipo alipoitwa mpimaji wa maziwa kutoka Moshi mjini. Aliingia kila zizi, na langu pia, tukakamua mbele yake. Maji hakuna, alisema; ni mbegu na migomba. Meneja alisikia, akapanda gari lake.

Kisha akamtuma dereva aniletee isale, jani la mmea tunaoupanda mipakani mwa mashamba. Sisi Wachagga tunajua, ukiletewa jani hilo unasamehe. Nililirudisha. Isale huletwa na aliyekosa. Mkononi mwa dereva ni jani la mpakani tu.

Kazi ile sikuirudia, na umri umekwenda. Siombi kurudishwa. Ninachodai ni Meneja Elinami asimame pale mtaroni asubuhi, foleni ikiwa imejaa, Zablon akiwa kando yake aeleze mbegu aliyotuletea. Kisha Meneja aseme kwa kinywa chake, Mama Elly akisikia, kwamba alichomwaga siku ile kilikuwa maziwa.