Mchicha Uliopandwa Alfajiri

Mama yangu aliacha kula mwezi wa Mei. Hakugoma wala hakulalamika. Ukimwekea sahani anakushukuru, anasema, "Nshakula," na ukimbishia anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyepotewa na akili. Wali wa nazi, mkate wa kumimina, supu ya kuku, vyote nilivirudisha jikoni. Daktari alisema akizidi kupungua itabidi alazwe. Nami nilijua kwamba mama akilazwa na maradhi yake yale ya kusahau, na Kiingereza chenyewe kimeshamtoka, harudi nyumbani. Niliogopa hasa.

Kilichotuokoa ni roshani yetu ya huku ugenini, Walthamstow, ambayo wakisimama watu watatu mmoja lazima arudi ndani. Nilikuwa nimepanda mchicha kwenye ndoo kuukuu za rangi na beseni la kufulia lililopasuka, pamoja na kotmiri iliyokataa katakata kuota. Asubuhi moja nikamkuta mama amechutama pale, anang'oa. Si kukata, kung'oa. Kwao Pemba mchicha hung'olewa na mizizi yake, ukakung'utwa udongo, ukafungwa fungu. Roho iliniuma kuona miche mizima inakwenda, maana ukiukata juu unachipua tena, na jua la hapa ni la kuombea dua. Lakini aliuchambua mwenyewe, akanisimamia nikiupika kwa nazi, akala mpaka akaramba vidole.

Tangu hapo nikaelewa kwamba kitu alichoking'oa kwa mkono wake hakikatai. Ikawa kila siku yeye anang'oa, nami nyuma yake namwaga mbegu.

Halafu wakaja mafundi. Jengo letu lilikuwa limevikwa vibao ambavyo, tuliambiwa, vinashika moto upesi, na lazima vibanduliwe. Kwa hilo sina ubishi. Lakini walisimamisha mabomba ya chuma ya kupandia mpaka juu, wakalizungushia jengo zima maturubai, na roshani ikawa haioni jua. Nilimfuata msimamizi wao nikamwomba afungue kipande kidogo tu, mbele ya mlango wangu. Alikuwa mtu mpole, na huo upole ndio ulioniudhi zaidi. Alisema anasikitika, lakini ni mambo ya usalama, health and safety. Mchicha wa mama yangu na health and safety wapi na wapi! Nilirudi ndani nikabamiza mlango mpaka picha ya ukutani ikaenda upande.

Mchicha ulirefuka, ukakonda, ukapauka, ukalala. Mama alitoka akautazama, akarudi kitini pake. Mchana akasema, "Nshakula." Kesho yake vilevile.

Nikapanda treni mpaka Southall, kwenye duka la Singasinga mmoja aliyezaliwa Nairobi, ambaye huuza mchicha na mizizi yake. Nikanunua mafungu, nikayatia majini. Alfajiri, baada ya kusali, nikatoka roshani nikaanza kupandikiza mche mmoja mmoja kwenye ndoo, huku nikikandamiza udongo kwa vidole. Nilijiona mwizi nyumbani kwangu. Binti yangu, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hakijibu ila kwa Kiingereza, alisimama mlangoni na mswaki mdomoni.

"Mum, she'll know," akasema.

"Hatajua," nikamwambia. "Na wewe jitayarishe uende skuli."

Mama alipotoka, alichutama kama kawaida yake, akang'oa mche wa kwanza. Ulitoka bila kushikilia, mzizi mweupe, safi, umeoshwa dukani. Akaugeuzageuza. Nilikuwa nyuma yake, roho mkononi.

"Huu umepandwa leo," akasema.

Akang'oa wa pili, na wa tatu, mpaka ndoo zikabaki tupu. Akachambua, nikapika, akakaa mezani akala. Alikuwa anatafuna na kumeza, na mimi sikujua nicheke au nilie. Alipofika nusu akaacha. Akachukua sahani nyingine akakifunika kile kilichobaki, akakisukuma upande wangu.

"Umeshiba, mama? Malizia."

"Hicho chako, binti. Tangu alfajiri unanihangaikia, nimekuona dirishani." Alikuwa akinitazama usoni kwa adabu, vile mtu anavyomtazama mgeni aliyemfanyia wema. "Mamako yu hai?"

"Yu hai," nikasema.

"Basi mpelekee, kingali moto. Watu wazima wakiachwa peke yao hawali."

Nikaipokea sahani kwa mikono miwili, nikamwambia ahsante.