Fundi Aliyekaa Ng'ambo ya Njia

Jumanne ya wiki iliyopita Mikumi ilimpoteza fundi umeme wa magari, yule mwenye kibanda kwenye njia ya vumbi inayochepuka kutoka barabara kuu. Aliugua kifua kwa muda mfupi, akafariki. Tulimzika kwao Chanzuru siku iliyofuata. Sikuwa ndugu yake, wala hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Nilikuwa mteja tu. Lakini wasomaji wangu wa siku zote mtanivumilia leo, maana tangu turudi kutoka makaburini nimeshindwa kuandika habari nyingine.

Nilimfahamu kwa sababu ya gari langu dogo la mtumba, ambalo kila asubuhi nililikuta limemaliza betri. Nilishabadilisha betri, lakini ikawa vilevile. Mama yangu ana presha na kliniki yake iko Mikumi. Kutoka kijijini kwetu Ulaya, hii ya huku Kilosa, nyonga yake haiwezi pikipiki, na alikwishakosa kliniki mara mbili mfululizo, miguu imeanza kuvimba. Fundi mmoja wa Kilosa alifungua kisanduku cha umeme kilicho chini ya dashibodi, akapima regureta, ile inayoushusha umeme wa betri hadi volti tano, akakuta sifuri. Akasema imekufa, niagize kisanduku kizima Dar. Siku ya kliniki ilipofika majirani walitusukuma, gari likawaka, nikaenda moja kwa moja Mikumi, hadi kwenye kibanda cha fundi huyu, na mama pembeni.

"Shikamoo fundi," nilisema. Akaitikia marahaba, kisha akainama dirishani kumwamkia mama. Nilipomweleza habari ya sifuri alicheka. "Mlitaka kumzika mtu aliyelala! Ukifunga gari, visanduku vyake vinaacha kuongea. Kuna kidude humu kinachosikiliza mazungumzo yao kwenye nyaya mbili. Kikilala, chenyewe ndicho kinachoizima regureta. Kwa hiyo sifuri ndiyo inayotakiwa." Akafungua mlango, mita yake ya kupimia umeme ikapanda hadi tano. Kisha akaunganisha kitaa kidogo chekundu kwenye waya wa regureta, akakiegemeza kwenye kioo cha mbele, akafunga milango yote. Halafu akatuchukua, akavuka njia, akaketi kwenye benchi la mama muuza chai na kutuagizia vikombe.

Mama yangu hakupendezwa. "Fundi gani unakaa mbali na gari? Unaliogopa?"

"Naogopa salamu, mama. Nikisimama pale, watu wote wa Mikumi watakuja kuniamkia, na kila mmoja ataegemea mlango au atataka kuchungulia ndani. Gari litaamka. Nikikaa huku, salamu zinanifuata mimi."

Na kweli zilimfuata. Kila aliyepita alivuka njia, shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, huku jicho la fundi likibaki kwenye kioo. Kitaa kilizimika. Mama akasema, "Si basi, limepona?" Akamjibu, "Bado, mama. Kulala limelala, sasa tuone kama linalala usingizi." Chai ilikuwa imepoa kitaa kilipowaka tena, hakuna mtu karibu na gari, hata kuku. Fundi aliweka kikombe chini taratibu. Tatizo lilikuwa swichi ya mlango wa nyuma, ambayo magunia ya mahindi yalikuwa yameipinda. Gari lilidhani mtu anafungua mlango, likaamka, likalala, likaamka tena, hadi betri ikaisha. Aliinyoosha na kuisafisha. Tulipotoka kliniki kitaa kilikuwa bado kimezimika, na yeye alikuwa bado benchini.

Kazi nyingi siku hizi ni kung'oa na kubadilisha. Siwalaumu mafundi. Sisi wateja ndio tunaosimama juu ya vichwa vyao tukiuliza imefikia wapi. Huyu alikuwa na adabu ya kukipisha kitu alichotaka kukielewa, na hakuwafukuza watu ili aipate nafasi hiyo. Aliwapa salamu zao, akaliacha gari peke yake. Nimejaribu kufanya hivyo hata nyumbani, kukaa mbali kidogo na jambo nikiliangalia, na mara nyingi nimeshindwa. Msibani mzee mmoja alisema fundi wetu amelala. Nilielewa alivyotaka kutufariji, ila mimi nasema amekufa, kwa sababu ndivyo ilivyo, na yeye mwenyewe alijua kutofautisha.

Alhamisi ilikuwa siku ya kliniki. Gari liliwaka kwa jaribio la kwanza, kama linavyowaka tangu siku ile. Tulipofika kwenye njia ya vumbi mama aliniambia nisimame. Kibanda kilikuwa kimefungwa. Akashusha kioo upande wa benchi, kama alivyozoea, asubiri kuamkiwa. Mama muuza chai alitupungia mkono. Mama naye akampungia, akapandisha kioo, tukaenda kliniki.