Wajibu wa Kukimbia

Mkalimani hukunja tishu mara nne kabla hajafungua mdomo, na sauti yake haipandi wala haishuki, iwe ni kesi ya talaka au ya mauaji. Leo anamtafsiria wakili wa Mzee Mugabo, mshtakiwa aliyemuua mwizi kwa nyundo kwenye ngazi, hatua tatu nje ya mlango wake huko Fridley. Kisheria, ukivamiwa ndani kwako hulazimiki kukimbia. Nje, hapa Minnesota, ukiweza kukimbia lazima ukimbie. Ng'ambo ya mto, Wisconsin, hulazimiki.

Mzee anamtazama mkalimani, si wakili. "Mama, nilikimbia Masisi, nikakimbia Goma. Banasema nilipashwa kukimbia tena?"

"Amesema nini?" wakili anauliza.

Tishu inachanika. Kwa Kiingereza, mkalimani anasema mzee anauliza kama alipaswa kurudi nyuma, kama sheria ya hapa inavyosema. Neno kukimbia, pamoja na mkimbizi mwenyewe, linabaki ndani ya Kiswahili.