Siku Kinamasi Kiliposimama

Nakumbuka siku moja ya Septemba, jua la saa nane, niliona kinamasi cha kwetu hapa Kalamba kikisimama. Usinicheke, mwanangu. Kilisimama kikapita kilima, rangi ya majivu, kikalimeza jua. Kuku wakaingia kulala mchana. Nimeona mengi, lakini ukubwa ule, Ngai Mungu wangu, hata leo nikiukumbuka naishiwa na maneno.

Kabla ya hapo palikuwa na matete, maji, na vyura na kelele zao. Kiangazi, ng'ombe wa vijiji vyote walinyweshwa pale. Ndipo sisi wa mwethya, kundi letu la kulimiana mashamba kwa zamu, tukaona maji yale yamelala bure. Tukafyeka matete, tukachimba mtaro wa kuyatoa mpaka mtoni, tukiimba. Nyanya za mwaka ule, wee! Wanunuzi walikuja kutoka hata soko la Mbumbuni. Mama mkwe wangu peke yake, aliyetukataza kuyagusa maji yale, hakuzionja. Usiache mbachao kwa msala upitao, wahenga walisema, nasi tuliuacha tukicheka.

Mvua ilipokosa kunyesha, udongo ule mweusi ukawa unga. Upepo ukaja kuuchukua.

Nilikuwa njiani na mtoto mgongoni vumbi liliponifunika. Mkono wangu mwenyewe sikuuona. Mtoto akakohoa, akakohoa, kisha akanyamaza. Mwanangu, kunyamaza kule! Nilipiga mayowe. Mama mkwe, aliyekuwa nyuma yangu na mtungi wake wa maji, akaifuata sauti, akamnyakua, akalowesha leso, akamfunika uso. Tukakaa chini tumemkumbatia. Mwishowe akalia, nami nikalia kwa furaha.

Upepo ulipotulia, watu wa mwethya walikuwa wamesimama pale, wamepakwa vumbi mpaka kope. Mama mkwe akawauliza, "Si maji ndiyo yaliyokuwa yamelikalia hili vumbi? Mmeyafukuza. Haya, sasa nani atalikalia?"

Kesho yake tulirudi na majembe yale yale kuufukia mtaro. Matete yalichukua miaka kurudi.

Sasa nasikia wewe na wenzako mnataka kuufukua mtaro ule tena, mpande matikiti. Sikiza basi. Yule mtoto ndiye mama yako. Kikohozi chake cha kila Septemba, ulidhani ni baridi? Wanasema majuto ni mjukuu, nami mjukuu ninaye tayari, sitaki mwingine.

Acheni matete yasimame. Choteni maji kwa ndoo, mmwagilie mashamba ya juu. Chimbeni matuta kule mlimani ili mvua isikimbie. Kulima limeni, tena kwa bidii, lakini maji yaliyolikalia vumbi msiyaondoe.

Lete kiganja nikutemee mate ya baraka, kama nilivyotemewa na mama mkwe wangu. Ngai akupe kiangazi chenye maji, na watoto wa kulia kwa sauti kubwa.