Siku Niliyopiga Kelele za Moto Kwenye Harusi ya Nadia

Jamani, hii aibu ningeweza kuifukia ningeifukia, tena na udongo mwingi juu, lakini nusu ya mtaa wetu wa Jabe imeshaniona kwenye simu wakicheka mpaka machozi, kwa hiyo afadhali muisikie kwangu mimi mwenyewe niliyeifanya.

Ilikuwa harusi ya Nadia, binti wa kaka yangu Saidi. Mi ndiye shangazi yake, na (msinipige mawe) mi ndiye niliyesema tangu posa kwamba yule kijana hanifurahishi, anaongea mno. Hawakunisikiliza, nikanyamaza, nikashona nguo kama wengine, na wao kwa kunipoza wakanipa kazi ya kumpa biharusi mawaidha mbele ya watu.

Sasa ngojeni kidogo. Kwa miezi kadhaa kulikuwa na kitu kinanijia ghafla, tumbo linapanda mpaka kooni kama niko kwenye gari inayoshuka mlima bila breki, halafu nasikia harufu ya mpira unaungua, halafu naona kama pale nilipo nilishakaa zamani na maneno yale yale nilishayasikia. Hujamaliza hata kumenya ndizi, kimeisha. Nyumbani nilichungulia jiko mpaka mume wangu akaniuliza kama nimeajiriwa zimamoto. Kwenda kwa daktari? Apana. Nikajiambia ni gesi, ni uchovu, ni umri (kusema kweli niliogopa neno kifafa, maana kwetu likishatajwa nyumbani, hata wachumba wa binti zako wanapotea njia).

Basi siku ya harusi, ukumbi wa Mutanga Nord umejaa, nimepewa mikro, kile kipaza sauti, nimeanza vizuri kabisa, "Nadia mwanangu, ndoa ni subira," na tumbo likapanda. Hapo ningekaa chini tu! Ningeomba maji, nani angenilaumu? Lakini mi na kiburi changu nikakaza miguu niendelee, na harufu ikaja, safari hii kali kuliko zote, nikajua kabisa nyumba inateketea, nikapiga kelele ndani ya mikro ile ile: "Moto! Kunaungua! Tokeni nje!"

Yoo, walitoka! Viti vikaruka, keki ikaenda chini, bibi yake bwana harusi akabebwa juu juu na kiti chake, na wapishi huko nyuma, kwa kusikia moto, wakamwagia maji makaa yao na pilau pamoja. Mi kipande hicho sikioni kabisa kichwani. Nilipojirudia, ukumbi mtupu, mama mmoja ananilazimisha kijiko mdomoni na mwingine ananinusisha kiatu (cha kwake, na alikuwa amecheza muziki tangu mchana).

Saidi akaja anatweta. "Moto uko wapi?"

"Sijui."

"Hujui! Dada, hii ndoa hukuipenda tangu mwanzo, sasa umeiharibu mbele ya watu, umefurahi?"

Nyie, kijiko na kiatu nilivimeza, hilo halikumezeka. Nilijaribu kumweleza harufu, maneno yakatoka yamechanganyika kama ya mlevi, na upande wa bwana harusi wakaanza kunong'ona, hawa wivu, wale majini. Nilikaa nikalia na nguo mpya.

Aliyenijia ni Nadia, ameshika gauni lake asikanyage keki. "Shangazi, mi nilikuwa nakutazama. Ulipiga kelele, halafu ukanyamaza, ukawa unalamba midomo na kuvutavuta kitenge. Nimekuita, nimekuita, hukunisikia. Macho yako wazi lakini wewe haupo."

"We mutoto, nenda kwa mume wako."

"Nitaenda. Na kwa daktari tutaenda."

Tukaenda kweli, na aliyetuendesha ni yule bwana harusi, anaongea njia nzima. Kwa daktari nikajieleza vibaya, gesi, uchovu, mpaka Nadia akatoa simu na kumwonyesha ile video ya harusi (wajinga walikuwa wameshaiwekea muziki). Daktari akaitazama, akairudisha, akaitazama tena.

"Unaona mdomo huu? Unaona mkono?"

"Dokta, nimejiona vya kutosha."

Hakucheka. Akasema kifafa si kuanguka na kutoka povu tu, kingine huja hivi hivi, harufu, tumbo kupanda, mtu anapotea kidogo halafu anarudi. Lakini kwa video peke yake hawezi kukata shauri, akanituma kupimwa umeme wa ubongo. Majibu yalipotoka akaniambia ndicho, akaniandikia vidonge. Nikamuuliza kuhusu kijiko. Akasema mtu asitiwe kitu chochote mdomoni, alazwe ubavu, waliopo wangoje naye.

Saidi alikuja nyumbani, akanywa chai yote kabla ya kufungua mdomo. "Nisamehe, dada. Lakini na wewe, si ungesema?"

Ilinikera kwa sababu ni kweli.

Harufu imepungua sana siku hizi. Mawaidha ya harusi sitoi tena, hata wakiniletea gari. Nimebaki na moja tu, nalitoa bila kuombwa: mwili ukikurudia na jambo lile lile, nenda kapimwe, usikae nyumbani unaliita gesi.