Masikio ya Mjomba

"Hakuna spika ya kuyadanganya masikio haya!" mjomba alitangaza harusini kwangu, maikrofoni mkononi. Masikio yenyewe yamekaa miaka thelathini kando ya mashine ya kusaga unga.

Juzi alikwenda na mkewe kuchagua priamplifaya, ile yenye vitaa vya kioo, inayopokea muziki kabla ya amplifaya. Muuzaji akampigia wimbo mmoja kwa mbili tofauti. Mjomba akafumba macho, akachagua ya pili.

"Hii ina uhai."

"Mzee, hiyo ina hitilafu. Inavuma."

Mkewe akaangua kicheko. "Baba watoto, si umechagua mashine yako ya unga!"

"Funga hiyo hiyo," mjomba akasema.

"Basi nikupunguzie bei."

"Unipunguzie kwani ina kasoro gani?"

Alilipa laki tatu na nusu.